Mary Ann Willson, Rangi za Tofali na Nguva wa Greenville: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila nikimwonyesha mtu nguva aliyechorwa na Mary Ann Willson, maswali huja kwa mkururo, na mengi ni yale yale. Nimeyakusanya hapa, pamoja na yale yanayokuja siku ya pili, baada ya mtu kulala na picha ile kichwani. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina utamu. Mengine mistari miwili inatosha.

Mary Ann Willson alikuwa nani?

Alikuwa mwanamke wa Connecticut, kaskazini-mashariki mwa Marekani, aliyehamia Greenville katika Kaunti ya Greene, jimbo la New York, mwanzoni mwa karne ya 19, akaishi huko akichora kwa rangi za maji na kuwauzia majirani. Kazi zake huwekwa kati ya mwaka 1800 na 1825.

Greenville iko upande wa magharibi wa mto Hudson, karibu na milima ya Catskill. Miaka ile watu wengi wa Connecticut walikuwa wakihama. Mashamba ya kwao yalikuwa yamegawanywa baina ya warithi hadi yakabaki vipande, na udongo wenyewe ulikuwa umechoka. Willson aliingia New York na wimbi hilo. Hakuja peke yake. Alikuja na mwenzake, Bi Brundage.

Hayo yote yamejulikanaje?

Kwa barua. Mtu fulani, yapata mwaka 1850, aliandika habari za wanawake hao wawili na kuziweka pamoja na picha. Hakutia jina lake, alijiita tu mpenda sanaa. Anasimulia kwamba walitoka Connecticut, wakapata kipande cha ardhi Greenville kwa kununua au kwa kujikalia tu, wakajenga nyumba ndogo ya magogo. Mmoja alilima, akapanda na kuvuna, majirani wakimsaidia kwenye kazi nzito. Mwingine alichora, akawauzia wakulima. Anadai hata kwamba picha hizo zilifika kuuzwa kutoka Kanada hadi Mobile, mji wa pwani ya kusini kabisa ya Marekani.

Habari za maisha yake karibu zote zinatokana na karatasi hiyo.

Na barua hiyo inaaminika?

Mimi huipokea kama ninavyopokea habari ya mzee wa mtaa. Kiini nakikubali, mapambo nayapunguza. Mwandishi anasifu picha kwa sauti ya mtu anayetabasamu pembeni ya mdomo, akiziita kazi adimu za sanaa huku msomaji akisikia kabisa kwamba anatania kidogo. Hadithi ya kuuzwa kutoka Kanada hadi Mobile inanukia chumvi. Lakini yale ya nyumba ya magogo, ya mgawanyo wa kazi, na ya rangi alizotumia, ni mambo ambayo mtu huyasema kwa sababu ameyaona au amesimuliwa na aliyeyaona. Hakuwa na faida yoyote katika kuyatunga.

Bi Brundage alikuwa nani kwake?

Barua inasema waziwazi kwamba waliondoka kwao wakiwa na mapenzi makubwa baina yao, na kwamba mapenzi hayo yalidumu mpaka Brundage alipofariki. Baada ya kifo hicho Willson hakufarijika. Alikaa muda mfupi tu, kisha akahama, na mwandishi anasema alikwenda pasipojulikana.

Watu huniuliza swali hili wakitaka neno moja la kisasa la kuwabandika wanawake hawa. Sina. Ninachokiona ni kwamba mwandishi wa 1850 alitamka neno mapenzi bila kushusha sauti, na majirani waliokuja kulima shamba lao ndio hao hao waliokuwa wakinunua picha.

Wanawake wawili wasio na waume waliwezaje kumiliki shamba zama zile?

Kwa sheria, kutokuwa na mume ndiko kulikowafungulia mlango. Katika sheria ya Kiingereza ambayo Marekani iliirithi, mke alifichwa ndani ya nafsi ya mumewe. Mali yake na mshahara wake vilikuwa chini ya mume, na hakuweza kuingia mkataba peke yake. Jimbo la New York lilianza kulegeza hilo mwaka 1848, kwa sheria ya mali ya wanawake walioolewa. Mwanamke asiyeolewa au mjane aliweza kununua, kuuza na kushtaki kwa jina lake. Kwa hiyo senti aliyopata Willson kwa picha ilikuwa senti yake.

Ni kweli alichora kwa matofali?

Ni kweli, na hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Barua inataja vitu vitatu: matunda madogo ya porini, tofali, na mara moja moja rangi ya dukani. Anayesikia hivyo hudhani ni umaskini tu, kumbe ni orodha ya mtu anayejua anachokifanya.

Tofali la kuchoma ni jekundu kwa sababu udongo wake una chuma, na chuma hicho kikipita motoni hugeuka kuwa kitu cha jamii ya kutu. Ni rangi ile ile ya udongo mwekundu ambayo binadamu ameitumia mapangoni tangu zamani za kale. Haiogopi jua. Ukilisaga tofali, ukalichekecha kwa kitambaa, ukaliosha kwa maji ili chenga nzito zizame na unga laini ubaki ukielea, unapata nyekundu ya udongo itakayoishi kuliko wewe na wajukuu wako.

Matunda ni habari nyingine. Aliyekula zambarau akiwa mtoto na kurudi nyumbani na ulimi wa ushahidi anaijua rangi hiyo. Inakolea, inapendeza, na ni kigeugeu. Ukiidondoshea ndimu inaelekea wekundu, ukiichanganya na maji ya majivu inaelekea ubuluu au ukijani. Mchoraji mjanja hupata rangi kadhaa kutoka kikombe kimoja. Tatizo ni mwanga. Jua huila rangi ya matunda hadi ikabaki kivuli cha hudhurungi.

Na rangi ya dukani? Nadhani hiyo ilikuwa kwa yale ambayo shamba halikutoa, hasa buluu. Kupata buluu ya kudumu kutoka kwenye mimea au udongo wa kawaida ni kazi ngumu, lakini buluu ya Prussia, iliyobuniwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ilikuwa imekwisha kuenea madukani. Vipande vikavu vya rangi za maji, vya kulowesha kwa brashi, navyo vilikuwapo. Ndugu wawili wa ukoo wa Reeves huko London walipata nishani mwaka 1781 kwa kuvitengeneza vizuri.

Kinachoshikilia unga wa rangi kwenye karatasi ni gundi. Ya kawaida katika rangi za maji, toka enzi hizo hadi leo, ni utomvu wa mgunga, na soko la dunia limekuwa likiipata kwa wingi kutoka Sudani. Nani angedhani kwamba rangi ya dukani ya mwanamke wa Catskill ilikuwa na mti wa Afrika ndani yake.

Mbona basi picha hazijafifia zote?

Kwa sababu zilikaa gizani. Picha zilizokaa miaka mia ndani ya jalada zimepona kuliko zilizoning'inizwa ukutani kwa heshima. Karatasi nayo ilisaidia. Kabla ya katikati ya karne ya 19 karatasi ilitengenezwa kwa vitambaa chakavu vya kitani na pamba, si kwa magogo yaliyosagwa, nayo haigeuki manjano na kupukutika upesi kama gazeti. Hadi leo majumba ya makumbusho huonyesha picha za rangi za maji kwa mwanga hafifu, kwa muda mfupi, kisha huzirudisha kabatini. Ukisafiri kwenda kuiona mojawapo, uliza kwanza kama iko ukutani.

Alijifunza wapi kuchora?

Mwenyewe. Wasichana wa familia zenye uwezo huko Connecticut walikuwa na shule zao, kama ile ya Sarah Pierce mjini Litchfield, iliyoanzishwa 1792, ambako kutarizi na kuchora kwa rangi za maji vilikuwa sehemu ya masomo. Kazi za shule hizo unazitambua kwa haraka: kaburi, mti ulioinama, mwanamke anayelia kwa adabu. Baada ya George Washington kufa mwaka 1799 picha za maombolezo zilikuwa kama homa ya nchi nzima.

Ukiweka kazi ya Willson kando ya hizo, unaona mkono ambao haukupigwa rula. Lakini kujifunza mwenyewe si sawa na kutojifunza. Alijifunza kwa kuangalia picha za chapa (zile zinazochapwa kwa bamba lililochongwa), nguo, matandiko, na chochote kilichopita mbele ya macho yake.

Kwa hiyo alikuwa anaiga picha za chapa?

Alianzia hapo, ndiyo, kama karibu wachoraji wote wa aina yake. Mfano bora ni picha zake nne za Mwana Mpotevu, za yapata 1815, ambazo sasa ziko katika National Gallery of Art, Washington. Kijana anamuaga baba yake, anatapanya mali, anataabika, anapokelewa tena. Ni Luka 15, sura ambayo msomaji wa Biblia hahitaji kuelezwa.

Kisa hiki kilikuwa kikichapwa na kuuzwa kama picha za ukutani Uingereza na Marekani. Huko Connecticut, mchonga mabamba ya chapa Amos Doolittle alitoa seti ya picha nne mwaka 1814. Katika chapa hizo watu wa Injili huvaa makoti, kofia na magauni ya wakati wa mnunuzi. Willson alifuata desturi hiyo. Mwana Mpotevu wake si Myahudi wa karne ya kwanza. Ni kijana wa mtaani, mwenye nguo ambazo mama yeyote wa Greenville angejua bei yake.

Sasa linganisha. Chapa ya shaba ina vivuli, ina chumba chenye kina, ina mistari elfu kidogo ya kuonyesha mkunjo wa koti. Willson anavifuta vyote. Kivuli anakitupa, kina anakitupa. Mahali pake anaweka mistari, madoa na miraba, nguo baada ya nguo, hadi watu wenyewe wanakuwa nakshi. Msomaji aliyezoea kuangalia kanga hatapata shida hapa, kwa kuwa anajua kwamba korosho ya kwenye kanga haihitaji kivuli ili iwe korosho.

Mimi naona hadithi inapata nguvu kwa njia hiyo. Katika chapa unamwonea huruma kijana kwa sababu uso wake umechorwa una huruma. Kwa Willson uso ni alama tu, na huzuni unaitafuta katika umbali kati ya mwili na mwili, ni nani anayemgusa nani, na nani amebaki peke yake.

Na yule nguva?

Ndiye anayewakamata wengi. Picha inaitwa Marimaid, namna moja ya kuliandika neno la Kiingereza la nguva jinsi sikio linavyolisikia. Ni ya yapata 1815, na iko Fenimore Art Museum, Cooperstown, jimbo hilo hilo la New York.

Sisi tuna neno moja kwa mnyama wa baharini anayenyonyesha na kwa mwanamke mwenye mkia wa samaki, kwa hiyo niseme wazi kwamba huyu ni wa pili. Mkia wake umejaa nakshi, magamba yamepangwa kama kazi ya mfumaji. Wapo wanaouliza mwanamke wa milimani alimwona wapi nguva. Picha za nguva zilikuwa kwenye vibao vya nyumba za wageni, kwenye vijitabu vya bei rahisi na kwenye chapa za mabaharia, na Connecticut ni jimbo la pwani. Hakuhitaji kumwona baharini.

Mbona watu wake ni bapa? Si kwamba hakujua tu?

Hakujua kanuni za kina na kivuli kama zilivyofundishwa, hilo ni kweli. Lakini angalia jinsi anavyoijaza karatasi. Hakuna pembe iliyolala. Rangi nzito upande mmoja ina mwenzake upande wa pili. Mtu asiyejua hubahatisha mara moja. Huyu anafanya hivyo picha baada ya picha. Na wateja wake walilipa wakijua wanachokitaka: kitu cha kung'aa ukutani katika nyumba yenye madirisha madogo.

Kuna jambo lingine linalonichekesha kila nikilifikiria. Mwaka 1825, mwishoni mwa miaka ya kazi ya Willson, kijana aitwaye Thomas Cole alipanda mto Hudson kwenda kuchora milima ya Catskill, akarudi New York na picha zilizomtoa jina mara moja. Cole naye kwa sehemu kubwa alijifundisha mwenyewe. Mji mkuu wa kaunti ambamo Cole aliishi baadaye, Catskill, uko katika kaunti ile ile ya Greene. Mmoja akawa baba wa uchoraji wa mandhari wa Marekani, mwingine akaingia kwenye jalada kwa zaidi ya miaka mia. Cole alichora milima kwa matajiri wa mjini. Willson, aliyekuwa akiishi karibu na milima yenyewe, alichora nguva.

Palikuwa na wanawake wengine kama yeye?

Wengi. Ukitaka mmoja wa kuanzia, mtafute Eunice Pinney, aliyezaliwa Simsbury, Connecticut, mwaka 1770 na kufa 1849. Huyu alikuwa na maisha tofauti kabisa. Familia yake ilikuwa na jina, kaka yake Alexander Viets Griswold akawa askofu, na yeye alikuwa msomaji mkubwa wa vitabu. Alifiwa na mume wa kwanza, akaolewa tena, akalea watoto, na picha zake zenye tarehe zinaanza 1809, alipokuwa anakaribia miaka 40. Yaani alishika brashi mikono ikiwa imekwisha kuosha vyombo vya miaka ishirini.

Picha yake ya wanawake wawili wanaotazamana mezani, mshumaa katikati, iko Fenimore pia. Imetulia kama jiwe la mtoni. Kwa ufundi wa kupanga umbo Pinney anamzidi Willson, sina ubishi. Kwa ujasiri wa rangi namrudia Willson.

Je, Willson ndiye wa kwanza kutumia rangi za maji Marekani?

Hapana, ingawa utalikuta dai hilo. John White, Mwingereza, alichora kwa rangi za maji watu na viumbe wa pwani ya Carolina katika miaka ya 1580, karne mbili na zaidi kabla yake.

Picha zilipatikanaje, na kwa nini wakati ule?

Mwaka 1943 jalada la picha zake, pamoja na ile barua, lilifika mikononi mwa Harry Stone, mwenye nyumba ya sanaa jijini New York, naye akazionyesha mwaka uliofuata.

Zingepatikana miaka hamsini kabla, huenda zingewashia jiko. Lakini tangu miaka ya 1910 wachoraji wa kisasa wa Marekani walikuwa wameanza kuokota picha za namna hii kwenye maduka ya vitu kuukuu. Walikuwa wakipigania ubapa na rangi kavu katika kazi zao, na hapa waliwaona mababu waliokuwa wakifanya hivyo bila kuombwa. Mwaka 1932 Holger Cahill alipanga maonyesho makubwa ya sanaa hii katika Museum of Modern Art, New York, vingi vya vitu hivyo vikiwa vya Abby Aldrich Rockefeller, wa ukoo uliotajirika kwa mafuta. Baadaye wakaja Edgar na Bernice Garbisch, Bernice akiwa binti wa Walter Chrysler wa magari, ambao walikusanya kwa mamia na kuigawia National Gallery sehemu kubwa. Mwana Mpotevu wa Willson alifika Washington kwa mkono wao.

Ndivyo picha iliyonunuliwa na mkulima kwa chenji ilivyopita kwenye fedha za mafuta na magari.

Kwa Kiswahili sanaa hii tuiiteje?

Wengine husema sanaa ya jadi. Silipendi, kwa sababu jadi hurithishwa, na Willson hakurithi kwa fundi wala hakuacha mwanafunzi. Sanaa ya kienyeji inakaribia, ila kuna masikio yatakayosikia dharau ndani yake. Mimi nasema sanaa ya watu wa kawaida, nikikumbuka kwamba hata jina la maonyesho yale ya 1932 lilimtaja mtu wa kawaida.

Naweza kuziona bila kwenda Marekani?

Zile za National Gallery, ndiyo. Tangu 2012 jumba hilo limekuwa likitoa bure kwenye intaneti nakala bora za picha zake zisizobanwa na hakimiliki. Andika jina lake kwa L mbili. Kisha usiangalie picha nzima tu. Sogeza karibu hadi uone mahali brashi ilipokauka katikati ya mstari ikalazimika kuchovywa tena.

Nikitaka kujaribu rangi zake mwenyewe?

Chukua kipande cha tofali la kuchoma, si la saruji. Kifunge ndani ya gunia na kukiponda kwa nyundo, kisha twanga kwenye kinu ambacho hutakirudisha jikoni. Chekecha kwa kitambaa chepesi. Koroga unga kwenye glasi ya maji, hesabu hadi kumi, mimina maji mekundu kwenye sahani na uache machicha. Maji yakituama, unga laini utakuwa chini. Mwaga maji, uache ukauke. Utomvu wa mgunga uloweke usiku kucha katika maji kidogo, asubuhi changanya matone machache na unga wako, ukisugua kwa mgongo wa kijiko hadi chembe zisisikike.

Kwa zambarau kazi ni fupi zaidi, kamua tu na uchuje.

Chora mstari mmoja wa tofali na mmoja wa zambarau kwenye karatasi moja. Funika nusu ya karatasi kwa kadi nene, iweke dirishani panapopiga jua, na uandike tarehe nyuma.